Kisima Kilichorukwa

Matinyani, Kitui
4 Juni 1973

Kwa Bwana Aftin Duale,
Mfanyabiashara wa Mifugo,
Garissa.

YAH: OMBI LA KUELEKEZWA NJIA YA PIKIPIKI KUTOKA GARISSA HADI EL WAK

Bwana,

Kwa heshima na taadhima natanguliza salamu, nikitumaini ya kuwa barua hii itakukuta u mzima pamoja na jamaa yako yote. Mimi ni Mutie Ndeti, mwandishi wa barua na maombi ya wananchi hapa Matinyani. Sikupelekwa shule zaidi ya darasa la tatu. Yaliyosalia nimejifundisha mwenyewe kwa Biblia na kamusi. Hunifahamu. Unamfahamu, hata hivyo, ndugu yangu mdogo, Nzuki Ndeti, aliyekuwa dereva wa lori lililokuchukulia ng'ombe na mbuzi kutoka soko la Ikutha.

Mwaka 1970 Nzuki aliondoka na lori hilo kuelekea Wajir na mbele yake. Lori lilirudi likiendeshwa na mtu mwingine. Nzuki hakurudi. Ulipoulizwa sokoni ulijibu ya kwamba ameacha kazi, ukaendelea kukagua meno ya ng'ombe.

Sasa Serikali inapima mashamba kwetu Kasikeu, katika Makueni. Kila mwenye shamba husimama kwenye mpaka wake mbele ya kamati, naye huandikwa. Shamba la Nzuki hulimwa na mkewe, Kalondu, na watoto wao, lakini mwenyewe hayupo kusimama. Kamati imetangaza kwamba ikifika mwisho wa Septemba pasipo mwenyewe kuonekana, shamba hilo litaandikwa kwa mwanamume aliye karibu naye zaidi katika ukoo. Mwanamume huyo ni mimi.

Kwa sababu hiyo nimekata shauri kwenda kumtafuta kwa pikipiki yangu, nikipitia Mwingi, Garissa, Modogashe, Wajir na El Wak. Naomba unieleze kwa maandishi mahali penye visima, mahali penye mchanga mzito, na mahali ambapo petroli huweza kupatikana. Sihitaji kiongozi wala mwenyeji. Nitabeba maji yangu, chakula changu na blanketi langu, nami nitalala kando ya pikipiki bila kumsumbua mtu yeyote. Sisi hatukulelewa kuwaelemea watu.

Nasubiri jibu lako lenye busara.

Mimi wako mwaminifu,
Mutie Ndeti


Garissa
19 Juni 1973

Mwalimu Mutie,

Assalaam alaykum. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimeketi na mara ya pili nikiwa nimesimama, kwa maana nilidhani imetoka mahakamani.

Njia ni hii. Kutoka hapa mpaka Modogashe barabara ni ya malori, ina makunyanzi kama ubao wa kufulia. Ukienda polepole itakung'oa meno; ukienda kasi itaing'oa taa. Mbele ya Modogashe ni mchanga. Endesha asubuhi, mchanga ukiwa bado umeshikana, kwani jua likipanda unakuwa unga. Punguza upepo wa magurudumu, na ukikuta laga, yaani mto mkavu, usisimame katikati hata ukimwona malaika. Maji ya Wajir yana chumvi na tumbo lako litakuandikia malalamiko. Kutoka Wajir nenda Tarbaj. Hapo jaza maji ya kutosha, pinda kushoto, ufuate nyayo za malori mpaka Kotulo pasipo kusimama. El Wak iko mbele.

Sasa nami nina maswali. Kwa nini hutaki mwenyeji? Kwetu mtu hanywi kisimani peke yake kama fisi. Mchungaji humwuliza, "Wewe ni mgeni wa nani?" naye hutaja jina. Kuanzia hapo, akipatwa na baya, aibu ni ya mwenyeji wake. Akitenda baya, aibu ni ya huyo huyo. Mtu akisema hataki mwenyeji, sisi hujiuliza anakwenda kutenda jambo gani.

Niandikie jina la baba yako, na babu yako, na baba wa babu yako, uendelee hivyo mpaka wino uishe. Kisha unieleze utamwambia nini ndugu yako ukimwona.

Aftin Duale


Matinyani
2 Julai 1973

Kwa Bwana Aftin Duale.

YAH: MAJIBU YA MASWALI YASIYOTARAJIWA

Bwana,

Barua yako ya tarehe 19 Juni nimeipokea. Nakushukuru kwa habari za mchanga. Habari nyingine zimenitia mashaka, nami sina budi kuyataja waziwazi.

Kwanza, umeomba majina ya wafu wa ukoo wangu. Huku Ukambani mtu asiyejulikana huyakusanya majina hayo kwa ajili ya kesi ya shamba au kwa ajili ya uchawi. Shamba la kwetu haliwezi kukufaa kitu, wewe uliye Garissa. Mimi ni mzee wa kanisa na uchawi siuogopi, lakini pia siupelekei chakula.

Pili, umesema "ukimwona". Hukusema "ukimpata", wala "kama yu hai". Mtu asiyejua habari za mwingine hasemi hivyo.

Tatu, nimezungumza na Bwana Mwangangi wa Mwingi, aliyepeleka mahindi Mandera kwa lori mara nyingi. Nilimsomea maelezo yako naye akacheka. "Huyo amekurusha Harbole," akasema. "Kati ya Tarbaj na Kotulo kuna kisima chenye injini, maji matamu, wala hakuna dereva anayekipita bila kujaza rejeta. Huyo Msomali anataka ufe kiu, au kuna kitu hapo hataki ukione." Ndipo nilipoyasoma tena maneno yako, "pinda kushoto", nikaona ya kwamba hayo ndiyo yanayokikwepa kisima.

Naomba unijibu: Harbole kuna nini? Kuna mtu, au kuna kaburi?

Matayarisho yangu yanaendelea. Nimeomba kibali cha polisi cha kusafiri kaskazini. Nimefunga chuma cha kubebea majerikeni pande zote mbili, nimebadilisha mnyororo, nimenunua tyubu, plagi na kebo ya klachi za akiba, na fundi ameniwekea kitambaa cha kuchujia petroli. Kila asubuhi, nikisindikizwa na vicheko vya wanaochota maji, nafanya mazoezi katika mchanga wa mto. Nimeanguka. Nitaendelea.

Msimamo wangu kuhusu mwenyeji ni ule ule.

Mutie Ndeti


Kasikeu
8 Julai 1973

Kwa Mzee Aftin Duale,

Salamu. Mimi ni Kalondu, mke wa Nzuki. Tulionana mara moja Ikutha, ulipompa mtoto wetu Ndila tende akazitema, ukacheka. Kiswahili changu ni cha sokoni, utanivumilia.

Shemeji yangu Mutie amekuja hapa na pikipiki yake iliyofungwa mitungi kama punda. Amenisomea barua zako kwa sauti, kama anayesoma matangazo ya kanisa. Anasema anakwenda kumleta Nzuki.

Mzee, usimwonyeshe njia.

Nitakueleza kwa nini. Mwezi wa tano kamati ilipopita kwetu, nilisimama kwenye makonge ya mpaka na watoto wangu. Karani akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Kabla sijafungua kinywa, Mutie akasema, "Niandikeni mimi, kwa muda." Hakuniuliza. Hakunitazama. Karani akasema wangoje mpaka Septemba, labda mwenyewe ataonekana. Tangu siku hiyo ndipo amepata hamu ya jangwa. Miaka mitatu hakuwa na hamu.

Najiuliza, anakwenda kumleta mtu au anakwenda kuhakikisha kwamba mtu hatakuja? Akirudi na kusema, "Nimeliona kaburi," nani atakwenda kulitazama? Mimi na jembe langu?

Kama Nzuki yu hai, mwambie mwenyewe apeleke habari kwa kamati. Kama amekufa, niambie mimi kwanza.

Kalondu, Mama Ndila


Garissa
25 Julai 1973

Bwana Mutie,

Usije. Jangwa mwaka huu limekauka kupita kawaida, njiani kuna watu wenye bunduki, na polisi hawatakupa kibali.

Umeniuliza Harbole kuna nini. Kuna maji. Nami nakuuliza: ukirudi Kasikeu peke yako, shamba la Nzuki litaandikwa jina la nani? Unakuja bila mwenyeji, umenificha majina ya baba zako, nawe ndiwe utakayepata mali ndugu yako asipoonekana. Kama ningekuwa na mbuzi mmoja tu, nisingekukabidhi umchunge.

A. Duale


Matinyani
1 Agosti 1973

Kwa Bi. Kalondu Nzuki,
Kasikeu.

YAH: UVUJAJI WA HABARI ZA FAMILIA

Shemeji,

Nakuandikia kwa Kiswahili, wala si kwa Kikamba, kwa kuwa jambo hili ni la kirasmi na huenda likahitaji kuonyeshwa mbele ya watu wengine.

Bwana Aftin Duale amenitaja kuwa mrithi wa shamba kwa ukali unaonitia shaka ya kuwa ameambiwa mengi kupita niliyomwandikia mimi. Nakuomba unijulishe endapo umewasiliana naye, na kwa sababu gani. Mimi naamini ya kuwa mtu huyo ana hatia juu ya ndugu yangu. Amekificha kisima. Amejaribu kunitisha kwa polisi, ilhali kibali nimekwisha kukipata na kipo mfukoni mwangu. Ikiwa umempa silaha ya kunipiga, umempiga pia mumeo.

Kuhusu maneno niliyoyasema mbele ya kamati: niliyasema kwa nia ya kulilinda shamba lisichukuliwe na binamu zetu. Neno "kwa muda" nililitamka kwa sauti iliyosikika. Linatosha kwa mtu yeyote mwenye nia njema.

Shemeji yako,
Mutie Ndeti


Kasikeu
6 Agosti 1973

Baba Mumbua,

Umeniandikia Kiswahili, nami nakujibu Kiswahili, ingawa kwa lugha ya mama yako tungeelewana upesi zaidi.

Ndiyo, nilimwandikia.

Unasema nia njema. Mimi nia ya mtu siioni, naona miguu yake inaelekea wapi. Baba yako alipokufa mlisema ghala mnalitunza "kwa muda", na mahindi hayakurudi kwa mama yenu mpaka alipokwenda kulia kwa mchungaji. Sikukulaumu, ulikuwa kijana, walioamua ni wazee. Lakini neno hilo nalifahamu, limekula nyumbani kwetu.

Juzi binamu yako alipita hapa akiwa na fimbo yake, akasimama katikati ya mbaazi zangu. Akasema, "Wewe mama, lima taratibu, usichoshe udongo wa Mutie." Nikamwambia, "Mwambie Mutie aje ashike jembe basi, huu udongo wake unamngoja." Akacheka. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo nisikie vizuri. Unataka niamini kwamba unamtafuta Nzuki? Huhitaji kwenda El Wak kwanza. Njoo hapa Kasikeu, ni karibu, hakuna mchanga. Simama mbele ya kamati ile ile, kwa sauti ile ile inayosikika, useme, "Mwandikeni Kalondu." Ukisema hivyo nitakupikia chakula cha safari mimi mwenyewe.

Hutasema. Lakini nimeomba, kama unavyoombea watu wengine kila siku.

Kalondu


Kasikeu
3 Septemba 1973

Kwa Bwana Aftin Duale.

YAH: TAARIFA YA MAMBO YALIYOTENDEKA

Bwana,

Kwa muda wa karibu mwezi mzima sikuandika barua yoyote, hata za wateja. Naomba sasa unisikilize.

Jumatano iliyopita kamati ilirudi Kasikeu pamoja na karani na watu wa kupima. Nilifika na ombi nililoliandika nakala tatu, nikalisoma nikiwa nimesimama: ya kwamba mimi, Mutie Ndeti, najitoa katika shamba la ndugu yangu, sasa na siku zote, na naomba liandikwe kwa jina la Kalondu.

Kisha mwenyekiti akauliza, "Mutie, umekunywa?"

Nikajibu, "Mwenyekiti, mimi ni mzee wa kanisa."

"Basi pikipiki imekugonga kichwani."

Watu wakacheka sana. Binamu yangu akapaza sauti, "Mwanamke ataandikwaje? Kesho akiolewa Kitui, shamba litamfuata kwa miguu?" Hapo shemeji yangu akasogea mbele, mikono ikiwa bado na vumbi la mbaazi, akasema, "Mume hayupo miaka mitatu na sijaondoka. Nitaondoka leo kwa kuwa nimepewa karatasi?" Karani alisema kwamba sheria haikatazi. Kamati ilikataa. Nikasoma ombi tena tangu mwanzo. Ikakataa. Nikaanza kulisoma mara ya tatu, pamoja na anwani, na jua lilikuwa kali; ndipo mwenyekiti akasema, "Mwandikeni mama huyu, tuondokane na huyu mtu na makaratasi yake."

Ameandikwa. Ukoo umenitangaza kuwa mtu aliyeuza damu yake, na Jumapili kanisani ndugu zangu walihama benchi nililokalia. Nakiri kwako jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Niliposema "kwa muda", sikujua mwenyewe muda huo ulikuwa wa kiasi gani.

Kuhusu mwenyeji, nimemwuliza mwenye duka mmoja Mwislamu pale Kitui, aliyezaliwa Wajir. Alinitazama kwa huruma. "Ulimwandikia Msomali kwamba utalala nje karibu na nyumba yake na hutaki chakula chake?" akaniuliza. "Heri ungemtukana." Mimi niliona ni adabu. Naomba radhi.

Mimi ni Mutie wa Ndeti wa Mutie wa Kyalo wa Mwendwa. Zaidi ya hapo hatukufundishwa. Sina cha kupata tena katika safari hii. Nijibu neno moja tu: yu hai?

Mutie Ndeti


Garissa
14 Septemba 1973

Mwalimu Mutie wa Ndeti wa Mutie wa Kyalo wa Mwendwa,

Yu hai.

Yuko Harbole. Ndiye anayeendesha injini ya kile kisima. Lori liliharibika pale, akaitengeneza injini yao akisubiri kipuri, wazee wakamwomba abaki wiki moja, na wiki ikazaa nyingine. Ameingia katika dini yetu. Ameoa, na wana mtoto wa kiume. Alinisihi nisiseme, kwa aibu ya mkewe wa kwanza na ya kanisa lenu, nami nilikuwa mwenyeji wake. Neno la mwenyeji halivunjwi sokoni Ikutha mbele ya ng'ombe.

Lakini wewe umesema ukweli wako, kwa hiyo chukua na wangu. Mkewe ni Nadifa, binti wa dada yangu Raho. Nilipoona barua yako sikuogopa kwamba utamwua Nzuki. Niliogopa utamrudisha. Shamba, mke, watoto, kanisa, na ndugu aliyejaa maneno: nani angebaki jangwani? Nadifa angeachwa na mtoto, na ni mimi niliyemleta mwanamume huyo. Kwa hiyo nilikiruka kisima. Barua ya shemeji yako ilipokuja nikafurahi, kwa maana ilinipa sababu nzuri ya kufanya nililokuwa nikifanya kwa sababu mbaya.

Sasa huna cha kupata, basi njoo. Usipinde kushoto Tarbaj, nenda moja kwa moja. Ukiulizwa wewe ni mgeni wa nani, sema Aftin Duale, useme kwa ufupi kama unaweza. Blanketi lako liache nyumbani. Ukilala nje kando ya pikipiki, Raho atatangaza kwamba nyumba yake inanuka, na mimi ndiye nitakayelipia. Hapa Garissa utalala kwangu siku mbili, ili injini ipoe na mimi nikuone uso.

Sijamwambia Nzuki kuhusu shamba. Hilo si langu kulisema.

Aftin Duale


Matinyani
20 Septemba 1973

Shemeji,

Barua ya Bwana Aftin naiambatanisha hapa ili uisome yote wewe mwenyewe, wala sikufuta neno lolote. Nilitaka kuja kukueleza kwa mdomo, nikaona ya kwamba huenda ungependa kuisoma pasipo mtu kukutazama.

Pikipiki iko tayari. Naondoka Jumatatu ya tarehe mosi, baada ya kusikia kutoka kwako. Nimejaribu kuutunga ujumbe wa kumpelekea Nzuki, nikaandika mara nyingi na kuchana. Kila mara nilijikuta nikisema kwa niaba yako bila idhini, na desturi hiyo nimeiacha. Naomba kwa hiyo unielekeze. Je, nimwambie arudi?

Mutie


Kasikeu
25 Septemba 1973

Baba Mumbua,

Nilipofika mahali pa huyo Nadifa niliikunja barua, nikaenda kupura mbaazi. Nilizipiga mpaka maganda yakawa vumbi na Ndila akaja kuninyang'anya fimbo. Jioni nikaimaliza.

Chakula chako cha safari kinakuja na jirani yangu Mutindi, atashuka Kitui siku ya soko. Ni viazi vitamu vilivyokaushwa na kuku wa kukaanga. Kuku umle kwanza, hatafika Wajir.

Mwambie Nzuki kwamba watoto ni wazima. Mwambie nimejua yote na sijafa. Usimwambie arudi, na usimwambie abaki. Akitaka kumwacha yule mama na mtoto kwa ajili ya shamba, asijisumbue, shamba lina mwenyewe. Akitaka kuja kuwaona watoto wake, njia anaifahamu. Lakini asiingie moja kwa moja kama zamani. Asimame pale kwenye makonge, apige hodi, angoje nitoke.

Kalondu,
mwenye shamba